Mama Alinyeshewa Nje ya Chumba Chetu cha Meli

Nina miaka sitini na minane. Naishi Mbale, chini ya mlima wa Wanale, peke yangu na kuku wachache. Shule niliishia darasa la sita. Kiswahili nilikipata kwenye kota za magereza, kwa kuwa mume wangu alikuwa askari wa magereza, na huko kila kabila lilikutana kwa lugha hii. Nikikosea mnivumilie.

Nimesoma wengi wenu humu mkiulizana juu ya safari za meli ziwani. Mmoja anauliza abebe nguo gani. Mwingine anaogopa kutapika mbele za watu. Mimi nimepanda meli mara moja tu katika maisha yangu, na kwa mara hiyo moja nitawajibu.

Bebeni sweta hata kama jua linachoma gatini. Kaeni katikati ya meli, maana mbele hupanda na kushuka sana. Msile vya mafuta asubuhi ya safari, na mtafune tangawizi. Ukishapanda, uliza jaketi za kuokolea ziko wapi kabla hujauliza choo. Haya alinifundisha mama mmoja mfanyabiashara wa Jinja, Bi Zaituni, ambaye alikuwa amekwenda Kisumu na kurudi mara nyingi.

Lakini liko jambo ambalo hakuna anayeliuliza... Ndani ya chumba chako atalala nani na nani?

Ilikuwa mwaka ule vita vilipokwisha kupita Jinja. Risasi zilikuwa zimenyamaza, lakini maduka yalikuwa matupu na dawa hazikuwepo. Mama yangu, mjane wa kijiji cha Wanyange karibu na Jinja, alikuwa na kifua kibaya tangu zamani. Tulipokimbia vita alilala kwenye mashamba ya miwa siku nyingi, na aliporudi nyumbani pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi. Mganga wa zahanati, ambaye hakuwa amebaki na hata kidonge kimoja, aliniambia nimpeleke Kisumu upesi. Alisema akikaa pakavu na penye joto atafika. Neno hilo nililisikia vizuri. Pakavu.

Mume wangu, Wamboga, Mgisu wa hapa Mbale, alisema tutakwenda kwa meli. Barabara ilikuwa na vizuizi vingi. Kwa sababu ya sare yake alipata chumba kimoja chenye vitanda viwili. Akaniahidi: mimi na mama tutalala chumbani, yeye atakaa nje na wanaume.

Aliahidi hivyo kwa sababu kwetu Busoga mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawagusani, hawatazamani usoni. Anayevunja mwiko huo, wazee husema, atashikwa na ugonjwa wa kutetemeka hadi kaburini. Kwa Wagisu ni hivyo hivyo. Miaka mitatu ya ndoa yangu, mama alipomwona Wamboga njiani alijifunika leso usoni na kugeukia kichakani. Salamu zao zilipita kwangu kama barua.

Siku ya kupanda, gatini Jinja, mama alikataa kukanyaga ubao wa meli mpaka Wamboga alipofika mwisho wake. Watu nyuma yetu walisukumana na kulalamika.

"Bibi, pita, meli itatuacha," mmoja alisema.

"Mkwe wangu bado yuko juu ya ubao," mama alijibu. Wasoga waliokuwepo wakatulia, wakangoja.

Wamboga alikuwa na magunia sita. Aliwaambia watu wa meli ni mizigo ya serikali, nao wakampigia saluti. Ilikuwa kahawa ya magendo. Mimi nilijua. Niliinusa tangu nyumbani, na sitawadanganya, nilifurahi. Hatukuwa na sukari wala sabuni kwa miezi mingi. Niliwaza vitu tutakavyorudi navyo kutoka Kisumu.

Magunia yakaingizwa chumbani. Na Wamboga akaingia nayo... akakaa.

Nikamwambia tulivyopatana. Akasema kahawa haiwezi kuachwa na wanawake. Akisachiwa mtu, lazima awe yeye, mwenye sare. Nikamwuliza, na mama je, alale wapi?

"Aingie," alisema. "Mimi nimeokoka. Hiyo mambo ya kuogopa mkwe ni ya wazee. Kitanda iko."

Alijua mama hataingia. Mimi pia nilijua.

Chini, kwenye nafasi ya abiria wengi, palijaa watu, mbuzi na magodoro hadi ngazini. Mama akakaa nje, juu ya sitaha, mgongo wake kwenye ukuta wa chumba chetu, turubai dogo juu ya kichwa chake. Bi Zaituni alikuwa hapo na mikeka yake. Alinipa tangawizi, akatazama mlango wetu uliofungwa.

"Mkwe wenu amejifungia na magunia kama bibi harusi," alisema. "Atatoka lini tumwone?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Tuliondoka alasiri. Kabla ya jua kuzama wingu likaja kutoka visiwani, na meli ikaanza kuinuka na kuanguka. Nilitapika mpaka nikaona nyongo. Baharia alipita akisema wenye vyumba waingie, mvua ni kubwa. Nikamshika mama mkono, nikamwambia twende, ajifunike uso, Wamboga atageukia ukuta. Akautoa mkono wake polepole.

"Unataka nife nikitetemeka, mwanangu? Nenda ukalale kidogo. Mimi niko na Zaituni."

Nikaenda. Ndani palikuwa pakavu na penye joto, panapendeza kwa harufu ya kahawa. Nikamwambia Wamboga mvua imeanza, yeye atoke, mama aingie. Akasema nimwache, mvua za ziwani hazikai. Nikasema nitapumzika dakika chache tu, halafu nitambishia tena.

Nililala. Niliposhtuka kulikuwa kumekucha.

Ndugu zangu, mvua ile haikupita. Ilinyesha usiku kucha, na mimi nilikuwa nyuma ya ubao mmoja wa ukuta, mkavu!

Nilipofungua mlango turubai lilikuwa limekwenda na upepo. Mama alikuwa amefunikwa mikeka ya Bi Zaituni, yote imelowa. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Ile filimbi ya kifuani ilikuwa imekuwa ndogo sana.

Nikamwuliza Bi Zaituni kwa nini hakunigongea.

"Nilinyanyuka mara mbili," alisema. "Alinishika gauni. Alisema mwanamke haitwi nje akiwa chumbani kwa mumewe. Mara ya tatu hakuweza kunishika, lakini nilikuwa nimemwahidi. Na mimi Mungu anisamehe."

Meli ilipofunga Kisumu, mama hakuweza kusimama. Nikamwambia Wamboga ambebe. Yeye alikuwa na nguvu, alikuwa amebeba magunia yale mawili mawili. Alisimama mlangoni, akageuza uso upande wa maji.

"Ni mama mkwe wangu," alisema. "Siwezi kumgusa. Ni mwiko."

Jioni alikuwa ameokoka... asubuhi mila ikamrudia. Nilimtazama mpaka akaondoka na kahawa yake kwanza. Mimi na Bi Zaituni tulimshusha mama kwa mkeka. Alikata roho gatini, kabla hatujapata gari la kutupeleka hospitali, miguu yake ikiwa kwenye mapaja yangu. Tulimzika huko huko. Wanyange hakuna kaburi lake.

Mtauliza kama nilimwacha Wamboga. Sikumwacha. Ningemshtaki kwa kosa gani, na mimi nililala? Tulirudi, tukazaa, nchi ikapona polepole, yeye akastaafu. Kahawa ile ilifika salama, ndiyo iliyonunua mabati ya nyumba hii ninamoandikia. Amekufa sasa. Nilimwuguza vizuri, mikono yake ikitetemeka mwaka mzima kabla ya mwisho. Daktari alisema ni uzee.

Mvua ya Wanale ikija, hupiga mabati hayo kwa kishindo. Haiingii hata tone. Huwa natoka, nakaa kibarazani mpaka iishe. Majirani wanafikiri ni wazimu wa uzee.

Basi ninyi mnaosafiri, sweta na tangawizi ni mambo madogo. Ukimpeleka mzazi wako kwa meli, uliza kwanza juu ya chumba, na uulize mbele yake yeye mwenyewe. Ukiambiwa kipo kimoja, mpe yeye ufunguo mkononi kabla ya mtu yeyote kuingiza mzigo. Na akikuambia nenda ukalale, usimtii. Hata kama unatapika, hata kama mumeo amenuna, kaa hapo mlowe pamoja.