Tundu Katika Ngozi ya Pongo

Katika Kariakoo yote, miaka ile ya hamsini, hapakuwa na mwanamke aliyejua kuchuna mnyama wa porini kunishinda mimi. Kweli, kwa mkono wangu nilikuwa sijamchuna hata mmoja. Lakini kukaa juu ya kigoda na kuwaelekeza wenzangu, hapo ndipo nilipokuwa bingwa.

Jumamosi moja asubuhi Zamzam, mtoto wa mdogo wangu aliyekuwa akiishi kwangu, alikuwa akifagia ua kama kawaida yake: kufagia kidogo, kuongea sana. Mara kaka yangu Seifu akaingia kutoka Kisarawe, amebeba begani pongo, yule swala wa vichakani mwenye madoa meupe. Alikuwa amekwisha kumchinja na kumtoa matumbo hukohuko porini, nyama isiharibike. Ngozi aliiacha ili vumbi la lori na nzi visiifikie nyama.

"Ngozi hii ni ya Mwalimu Nasor," akasema Seifu. Mwalimu Nasor alikuwa mzee aliyewafundisha watoto wa mtaa Kurani. Magoti yalikuwa yakimsumbua, na Seifu alikuwa amemwahidi ngozi ya kusalia.

"Nitamchuna mimi, Mjomba!" Zamzam akaruka. "Naweza!"

Tukamtundika pongo kwa miguu ya nyuma kwenye boriti ya banda la jiko. Nikamwelekeza, "Pasua ngozi kwa ndani ya miguu, mpaka pale tumboni. Kisha weka kisu chini. Kisu kinafungua mlango tu, anayeingia ni ngumi. Isukume kati ya ngozi na nyama, taratibu." Kisha mimi na kaka yangu tukaenda barazani kunywa kahawa.

Yaliyofuata alinisimulia Agnesi, binti wa jirani yetu Mchaga mwenye duka. Alikuja kutazama, na Zamzam akipata mtazamaji hujisahau. Akaokota kisu tena.

"Mama Mkubwa si kasema ngumi?" Agnesi akauliza.

"Ngumi ni ya wanaojifunza. Wewe tazama tu!"

Chwa! Ncha ya kisu ikatokea upande wa pili, katikati ya mgongo, penye madoa meupe.

"Haya sasa, fundi," Agnesi akanong'ona. "Kawaambie."

"Nyamaza, wewe!"

Zamzam akamaliza kuchuna, akaipaka ngozi chumvi, akalijaza lile tundu chumvi tele, akaikunja.

Alasiri, sote tukiwa barazani, Mwalimu Nasor akaja, anajikongoja na bakora yake.

"Shikamoo, Mwalimu," Zamzam akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa fundi ni wewe. Mungu aibariki mikono hiyo."

Zamzam akaificha mikono hiyo nyuma ya mgongo. Mimi nikadhani ni adabu! Mzee akaikunjua ngozi. Chumvi ikammwagikia miguuni, na kidole chake kikachungulia upande wa pili. Zamzam aliona aibu mpaka jasho likamtoka puani.

Lakini mzee hakukasirika. "Tundu hushonwa," akasema kwa upole. "Kiraka kidogo tu, nami nitasali juu yake. Sikiliza, mwanangu. Kosa likisemwa hupungua. Likifichwa, hutafuta mwenzake. Haya, niambie, ilikuwaje?"

Msamaha ulikuwa umetangulia, kilichobaki ni neno moja tu la kweli. Agnesi akamkanyaga mwenzake mguu ili aseme. Zamzam akaitazama chumvi, akawakumbuka wawindaji aliowaona sinema.

"Ni... ni tundu la risasi, Mwalimu. Mjomba alipompiga bunduki."

Seifu akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Bunduki gani, Zamzam? Mimi tangu nizaliwe sijashika bunduki. Pongo huyu tulimnasa kwa wavu."

Zamzam akajifunika uso kwa kanga. Hakuna aliyecheka. Hata mimi.