Kalenda Juu ya Karatasi ya Octave

Mwaka ule mpunga ulikubali! Huku kijijini kwetu Wamaza, mpunga ukikubali, hakuna anayekaa bure. Tangu jua linapotoka vinu vinaongea, nyumba hii inajibu nyumba ile. Nyumbani kwetu kulikuwa na vinu viwili: kimoja changu, chenye ufa, na kimoja cha mkwe wangu Rachelle, mke wa mwanangu Musafiri. Rachelle akitwanga, mimi ninapepeta.

Siku sita Rachelle alivuna, akabeba, akaanika, akatwanga. Siku ya saba aliweka mchi chini.

"Mama, mugongo imekwisha," aliniambia. "Kesho ninaenda kwa Octave, aniwekee serumu ya mavuno."

"Enda, mutoto wangu. Miye leo ninatangulia."

Ngoja nieleze, maana msomaji wa mbali atashangaa. Kwetu, baada ya kuvuna mpunga, watu walipanga mlolongo kwa muganga. Hawakuwa na homa wala jeraha. Walitaka tu chupa moja ya serumu iingie katika mshipa, tone kwa tone, ili ioshe uchovu. Asiyepata chupa alijiona kama hakuvuna. Na tulisema chupa ya manjano ina nguvu kupita nyeupe. Nani alitufundisha hayo? Sijui. Sote tuliamini.

Octave ni muganga wetu, yaani muuguzi. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, nilimlea mimi. Alisoma uuguzi mjini Kasongo, akarudi kufungua posti yake ndogo ya kutibia watu: vyumba viwili vya matofali, mabati, mlango wa buluu.

Lakini mwaka uliotangulia alipata kesi. Aliwapa watu vidonge vilivyopitwa na siku. Tume ya waganga ilimwita Kasongo. Haikumfunga. Ilimpa ruhusa ya majaribio, ya mwaka mmoja: afanye kazi, lakini kwa masharti matatu. Masharti yaliandikwa kwenye karatasi yenye muhuri mwekundu wa duara. Aliambiwa aibandike mlangoni, mahali pa macho ya watu.

Nilipoiona karatasi ile, moyo uliniuma. Jina la mtoto wetu mlangoni, kila mpita njia asome! Nyumbani nilikuwa na kalenda ya parokia, kubwa, yenye maua mekundu. Nikaileta. Nikapigilia msumari mdogo, nikaitundika juu ya karatasi. Ilifunika hata muhuri.

"Mama mukubwa, walisema watu waone," Octave alisema.

"Wataona tarehe," nilimjibu. "Aibu ya mutoto haianikwi kama mupunga."

Akacheka. Hakuiondoa.

Miezi tisa alishika masharti yake. Ilibaki mitatu tu. Ndipo mavuno yakafika, na mlolongo ukaanza.

"Serumu hapana," Octave aliwaambia watu. "Mukunywe maji, mulale, mutapona."

Watu waliguna. Mwanangu Musafiri ndiye alisema kwa sauti:

"Muganga gani hapana choma mutu sindano? Basi uuze sabuni!"

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Mama mmoja akasema, "Twende kijiji kingine. Kule muganga iko na huruma." Octave aliinamisha kichwa. Kisha akafungua chumba cha nyuma.

"Muingie mumoja mumoja. Na musiseme kwa watu."

Kila mtu alimwambia mwenzake.

Mimi nilipata chupa yangu Jumanne. Ya manjano! Nilitoka nikitembea kama mwali. Jumatano ilikuwa zamu ya Rachelle.

Nilikaa kando yake. Chupa ilining'inia kwenye msumari wa boriti. Ilikuwa imefika nusu.

"Mama, baridi," Rachelle alisema.

Baridi gani? Nje jua lilikuwa kali. Lakini meno yake yalianza kugongana. Mwili wote ukatetemeka, kitanda kikalia.

"Mama, kifua! Pumzi!"

Octave aliruka, akachomoa sindano.

"Piki!" nilipiga kelele. "Mulete piki!"

Musafiri alikuja mbio, na pumba za mpunga kichwani. Clovis, kijana wa pikipiki, alimweka Rachelle katikati, Musafiri akamshika nyuma. Mimi nikapanda pikipiki ya pili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilimkaba dereva shingo mpaka akalia:

"Mama, unaniua! Na miye ndiye ninaendesha!"

Tulifika kituo cha afya, kwenye njia ya kwenda Kabambare. Siku hiyo alikuwapo Estelle, msimamizi anayezunguka kukagua kazi za waganga. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kutulia. Alimlaza Rachelle, akamwekea hewa ya kupumua, akatugeukia.

"Alipewa dawa gani?"

Aliangalia mikono yetu mitupu.

"Iko wapi karatasi ya kumutuma hapa? Nani aliandika?"

"Hakuna mutu aliandika," Musafiri alisema.

"Basi munataka nitafute dawa kama mutu anatafuta mbuzi katika giza?"

Musafiri alimpigia Octave simu. Mtandao ulikatika mara mbili. Mara ya tatu Octave aliitika.

"Ilikuwa serumu tu," alisema. "Serumu tu, kaka."

Estelle alichukua simu.

"Octave, hapa mutu anapigania pumzi. Kesi yako itangoja. Yeye hangoji. Sema!"

Tulisikia Octave akivuta pumzi. Kisha alisema. Ndani ya chupa alikuwa amechanganya dawa mbili, za kuleta nguvu. Alizitaja kwa majina. Estelle alikuwa akiandika huku anakimbia kwenye kabati. Mwili wa Rachelle ulikuwa umekataa moja ya dawa zile. Sasa walijua la kufanya.

Mimi nilihesabu rozari yangu mara tatu. Musafiri alizunguka nyumba kama mbwa aliyefungwa. Jua likiwa linashuka, Rachelle alifungua macho.

"Mama," alisema polepole, "mupunga yangu iliachwa inje?"

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena!

Kesho yake tulirudi nyumbani na Rachelle, na Estelle alikuja Wamaza. Alisimama mbele ya mlango wa buluu. Watu walijaa. Aliinua kalenda yangu kwa kidole kimoja, akasoma kwa sauti:

"Moja: Haruhusiwi kuweka serumu bila barua ya daktari. Mbili: Kila mgonjwa aandikwe katika buku, siku hiyohiyo. Tatu: Karatasi hii isomwe na kila anayeingia."

Akageuka.

"Nani alitundika hii kalenda?"

Niliangalia miguu yangu. Kwa kweli niliiangalia sana, mpaka nikajua vidole vyote. Octave naye hakunitaja.

Musafiri alikunja mikono ya shati. "Niachieni Octave. Dakika tano tu."

Baba Magloire, mkubwa wa ukoo wetu, alimzuia. "Hakuna kupiga mutu. Na hakuna kushitaki. Octave ni wetu. Wakimunyang'anya ruhusa, nani atatuchoma?"

"Baba, kosa ilianza hapo," Estelle alimwambia. "Munapenda kuchomwa. Mwili ikiweza kunywa kwa kinywa, mupatie maji kwa kinywa. Serumu ni ya mugonjwa, na daktari ndiye anasema."

Kisha alituelezea habari ya ruhusa ya majaribio. Nilishika kila neno.

"Munajua daraja ya miti ikivunjika. Inatengenezwa. Lakini siku za kwanza, gari kubwa haipite. Watu wanapita kidogo kidogo, na mutu anachungulia chini kama miti inashika. Ndiyo majaribio. Ile karatasi ndiyo jicho ya kuchungulia. Muliifunika."

"Sasa tufanye nini?" Musafiri aliuliza. "Hapana kupiga, hapana kunyamaza?"

"Muandike. Rachelle ndiye aliumia, yeye atoe mashitaka yake kwa tume. Octave atapata kopi, ajue anashitakiwa nini. Atapewa siku za kujitayarisha. Atasema na yeye, na kama anataka mutu wa kumusemea, atamuleta. Tume itasikiliza pande mbili, halafu itakata. Hii haiko kisasi."

Rachelle hakujua kuandika. Alisema, mimi nikaandika. Nilimaliza darasa la tano, na mkono wangu bado una herufi nzuri. Tuliandika ukurasa mmoja kwa bik ya buluu. Nilikosea mahali pane, nikafuta. Mwishoni Rachelle alitia kidole gumba.

"Mama," aliniuliza, "hapo mumeandika kalenda?"

"Hapana," nilisema. Nikakunja karatasi haraka.

Baada ya wiki tatu tuliitwa Kasongo. Siku nzima ya pikipiki! Tulilala kwa shemeji karibu na soko. Asubuhi nilipiga shati jeupe la Octave pasi ya makaa. Musafiri alinitazama.

"Mama, tunamushitaki na munamupigia pasi?"

"Anashitakiwa, lakini haende na makunyanzi," nilimjibu.

Chumba cha tume kilikuwa na meza ndefu na watu watatu. Mkubwa wao alikuwa Mama Albertine, mwenye miwani ya kamba. Alisoma mashitaka yote. Kisha akauliza:

"Octave, ulivunja masharti?"

"Mara moja tu, mama prezida. Rachelle alikuwa na haraka."

Nilianza kuhesabu kwa vidole. Mara moja?

"Na karatasi ya mlangoni?"

"Iko mlangoni, mama."

Ilikuwa kweli. Na ilikuwa uongo. Nikinyamaza, labda watamwachia ruhusa. Nikisema, mtoto niliyemlea atapoteza kazi yake, na mbele ya watu. Niliangalia shati lile jeupe. Kisha niliangalia mkono wa Rachelle, palipochomwa. Alama ilikuwa bado pale, nyeusi.

Nikasimama. Hakuna aliyeniita.

"Iko mlangoni, ndiyo. Iko chini ya kalenda yangu. Miye ndiye niliitundika."

Rachelle alinigeukia, kinywa wazi.

"Na miye nilipata chupa siku ya Jumanne," niliendelea. "Rachelle alipata Jumatano. Basi hapana mara moja."

"Mama mukubwa!" Octave alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Mwana wa mudogo wangu, nilikufunika mara moja, na mutu alitaka kufa. Sikufuniki tena."

Nje baiskeli ilipiga kengele. Octave alifuta uso kwa mkono wa shati, pasi yangu yote ikaharibika.

"Ni watu kumi na saba," alisema mwishoni. "Hakuna hata mumoja niliandika katika buku. Lakini niko nawakumbuka. Nitawataja."

Akawataja wote kwa majina, mpaka mzee Magloire! Tume iliandika. Kisha wakatutoa nje, tukangoja juu ya benchi. Rachelle alinipa nusu ya andazi lake. Ndipo nilijua amenisamehe.

Walipotuita tena, Mama Albertine alisimama kusoma.

"Octave, majaribio yako imevunjika. Ruhusa yako inaondolewa miezi sita. Utatumika hospitali chini ya waganga wengine. Hutachoma mutu bila mukubwa wako kusimama kando. Ukimaliza vizuri, utaanza majaribio tena ya mwaka muzima, kuanzia siku ya kwanza. Ile miezi tisa haihesabiwi." Alivua miwani. "Na ujue hii: kama usingetaja wale watu, tungefunga ruhusa yako kabisa. Kama hukubali, uko na haki ya kuandika barua ya kukataa."

"Ninakubali," Octave alisema.

Wamaza hatukubaki yatima. Muganga mwingine alikuja siku mbili kila wiki. Estelle aliwafuata wale watu kumi na saba, nyumba kwa nyumba. Wawili walikuwa na usaha pale palipochomwa, na walikuwa wameficha! Walitibiwa, wakapona. Mimi alinipima damu, akanishika mkono, akasema, "Mama, mushukuru Mungu." Nilishukuru.

Octave alirudi, na mpunga ukarudi. Safari hii pia ulikubali!

Na mlolongo? Ulikuwapo. Mazoea hayafi kwa siku moja. Baba Magloire alikuwa wa kwanza, ameshika mgongo.

"Octave, chupa moja tu. Ndogo. Hata ile nyeupe."

Octave aligeuka. Alikuwa amefunga mlango wa buluu nyuma yake, na karatasi mpya ilikuwa pale, peke yake, bila maua. Chini yake aliketi Rachelle. Miezi yote ile alikuwa akienda katika masomo ya kusoma ya wamama, kila Alhamisi, na daftari kichwani.

"Rachelle," Octave alisema, "nisaidie."

Rachelle alisimama. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Ha-ru-hu-si-wi... ku-we-ka... se-ru-mu..."

"Ongeza mbio, jua inapanda!" Musafiri alimtania mkewe.

"Wewe nyamaza, uza sabuni!" Rachelle alimjibu. Watu wakaangua kicheko. Naye akaendelea, herufi kwa herufi, jasho puani, mpaka mstari wa mwisho.

"Ka-ra-ta-si hi-i... i-so-mwe... na ki-la... a-na-ye-i-ngi-a."

Alipomaliza alipiga makofi yeye mwenyewe. Baba Magloire aliachia mgongo wake, akakuna kichwa.

"Basi miye ninaenda kunywa maji," alisema.

Nusu ya mlolongo ilimfuata. Waliobaki walikuwa mama mwenye mtoto wa homa, na mzee mwenye jeraha la panga. Octave alifungua buku, akaandika tarehe, akafungua mlango.

"Mumesikia karatasi," aliwaambia. "Sasa muingie."