Mashimo ya Mihogo ya Rugenge

Mwaka wa 1962, aliyetaka habari za Rugenge, mtaa wetu mjini Uvira, hakuwa na haja ya redio. Alikwenda tu kando ya mto, kwenye mashimo ya mihogo.

Yalikuwa mashimo matano. Akina mama wa mtaa tuliloweka humo mihogo michungu siku nne, mpaka ilainike na uchungu utoke. Halafu tuliimenya, tukaianika, tukaitwanga kupata unga wa bugali. Tulicheka sana pale. Harufu ya mihogo iliyolowa wengine huziba pua, lakini mimi mpaka leo nikiisikia moyo wangu unatulia.

Hapo awali Mama mzee Nkeshimana ndiye aliyepanga zamu. Alikumbuka siku ya kila mtu bila kuandika. Uhuru ulipofika mwaka wa 1960, mwanawe alimchukua, wakavuka mto Ruzizi kwenda kuishi Burundi. Hakuna aliyeshika kazi yake. Tulidhani mashimo yatajipanga yenyewe.

Siku moja nilikuta mihogo yangu imetolewa majini na kuwekwa kwenye majani. Shimoni mlikuwa na mihogo ya Geneviève, mama aliyeshuka kutoka milimani na watoto wake watatu. Niliokota yangu kwa hasira. Ilikuwa imelala majini siku mbili tu. Nilijua haijafaa, lakini nikajidanganya kwamba jua litamaliza uchungu, nikaianika na kuitwanga.

Binti yangu Anne alikula ule bugali. Alitapika mpaka akaishiwa nguvu, akasema nyumba inazunguka. Tulimbeba hadi hospitali. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini mimi nilirudi nyumbani na neno moja tu.

"Ule mama atoke mu mtaa," nilisema. "Kesho tutaenda bamama bote, tutamutolea vitu vyake inje."

Mume wangu Octave, fundi mbao, hakupenda.

"Ngoja kwanza, Mama Anne. Mtaa iko kama mwili. Nkeshimana alikuwa macho yetu. Macho haiko tena, ndiyo maana miguu inagongana. Tutafute muntu mwingine wa kupanga zamu, basi."

Mdogo wake Firmin akacheka. Huyo hakukosa mkutano hata mmoja wa siasa.

"Yaya," alimwambia kaka yake, "nani iko na mashimo tatu ya juu, kwenye maji safi? Bibi za bakarani. Tangu uhuru balizikamata. Siye bengine bote tunasukumana mu mbili za chini. Bale beko na nguvu banakula, bale bengine banapigana."

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Bado wanabishana, akaingia jirani yetu Apollinarie kumjulia hali Anne. Alikuwa mwalimu wa akina mama, na ndiye aliyenifundisha kusoma. Aliwasikiliza, akatabasamu.

"Mnanikumbusha masomo yangu kule Bukavu," alisema. "Wataalamu wanaochunguza maisha ya watu wanabishana hivi hivi. Wengine wanasema kama Octave: jamii ni sehemu zinazotegemeana, moja ikiacha kazi yake, zote zinayumba. Wengine wanasema kama Firmin: angalia nani anapata na nani ananyimwa. Na wako wa tatu. Hao wanasema jamii tunaitengeneza kila siku, kwa namna tunavyosalimiana, tunavyoitana na tunavyodhaniana."

"Sasa, nani iko na haki?" aliuliza Firmin.

"Kila mmoja ameshika pembe moja ya mkeka. Ukishika pembe moja tu, huwezi kuutandika." Kisha akanigeukia. "Mama Anne, wanaume wamesema yao. Ule mama, weye unamwitaka jina gani?"

Jina lake nililijua. Lakini mtoni sote tulimwita "ule wa milima". Niliona aibu, na usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi nilikwenda kwake peke yangu. Geneviève aliponiona alisimama mlangoni, watoto nyuma yake.

"Unakuja kunifukuza?"

"Nakuja kuuliza. Kwa nini ulitoa mihogo yangu?"

"Mama, nilingoja wiki mbili. Nilikuwa nasalimia, hakuna muntu alijibu. Nikasema, hapa minye siko muntu. Sasa muntu ule bantu habamuone atangoja zamu gani? Batoto balikuwa na njaa." Akatazama chini. "Sikujua ilikuwa ya siku mbili. Mutoto wako iko namna gani?"

"Anapona. Na minye nilikosa. Nilijua mihogo haijaiva, nikaitwanga."

Tuliyafanya yote matatu aliyotaja Apollinarie. Tulimchagua mtu wa kupanga zamu, na tulimchagua Geneviève mwenyewe. Firmin alikwenda nasi kwa wake za makarani. Walinung'unika siku nyingi, lakini mwishowe walifungua mashimo mawili ya juu kwa wote. Na salamu? Zilinigharimu kuliko mengine yote. Tulianza kumwita Mama Norbert, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tangu hapo hakuna mtoto wa Rugenge aliyeugua kwa mihogo ya siku mbili.

Mwaka wa 1964 vita vya maasi vikafika Uvira. Mama Norbert alizijua njia zote za milimani. Alimbeba Anne mgongoni, akatutangulia mpaka kwa mama yake mzazi. Tuliishi huko miezi mingi, tukila walichokula wao. Kama ningetoa vitu vyake nje, sijui nani angetuonyesha njia.

Firmin alikwenda na waasi. Hatukumwona tena.

Mto ulishayachukua mashimo yale. Lakini nikisikia ugomvi wa mtaani, bado nauliza maswali matatu. Kazi gani imeachwa bila mtu? Nani anapata, nani ananyimwa? Na hawa watu, wanaonanaje? Lile la kati naliuliza kwa sauti ya Firmin. Namwona amekaa nyumbani kwangu, tonge la bugali mkononi, akimbishia kaka yake mpaka chakula kinapoa. Angerudi, ningempashia moto.