Mabomba Kumi ya Siki

Kila siku ya shule, kabla kengele ya saa mbili haijalia, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia kwanza kwenye zahanati ya watoto iliyotazamana na shule yake. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa akimfuata shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, na ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Maji. Binti mwenyewe, waliompenda walimwita Kiherehere, na wasiompenda walimwita hivyohivyo.

Katika chumba cha kungojea cha zahanati hiyo kulikuwa na tangi la kioo lenye lita mia nne za maji ya chumvi. Ndani yake matumbawe yalichanua: ya zambarau, ya kijani, na moja la manjano lenye vidole laini vilivyopepea mchana kutwa. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe walifukuzana humo, na kamba mwekundu alitembea juu ya mawe kama mkaguzi wa shule. Mtoto aliyeingia akilia kwa kuogopa sindano aliliona tangi lile, akasahau kulia.

Watu walidhani uzuri ule ulijileta wenyewe. Kiherehere alijua kwamba haukujileta. Alimwona shangazi yake akipiga magoti sakafuni na kusikiliza pampu kama daktari anavyosikiliza kifua. Alimwona akichovya kidole majini na kutaja joto lake kabla ya kutazama kipimajoto, naye hakukosea hata siku moja. Na kila asubuhi alimwona akivuta siki kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha akaitia polepole pale maji yalipokwenda kasi.

“Shangazi, hao ni samaki au saladi?” Kiherehere alimuuliza siku ya kwanza alipoliona jambo hilo.

Shangazi alicheka hadi mkono ukatikisika. “Siki siwapi samaki, mwanangu. Nawapa bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Samaki wakila, wanatoa uchafu. Uchafu ukizidi, mwani unaota na kuyafunika matumbawe. Sasa bakteria wakipata siki kidogo, wanapata nguvu ya kuula uchafu huo. Halafu mashine ile ya povu inawatoa nje, wao na walichokula.”

“Kumbe ni wafagiaji!”

“Wafagiaji haswa. Nilianza na matone machache tu. Imenichukua miezi mitatu kufika bomba moja.”

Basi ikatokea Fundi Maji akaitwa mji mwingine kutengeneza tangi jipya. Angekuwa huko tangu Jumapili hadi Jumamosi. Chakula cha samaki alimwachia karani wa mapokezi, mtu mnene mwenye utani mwingi. Siki alimwachia Kiherehere.

“Bomba moja kila asubuhi. Likikutatiza lolote, nipigie.”

“Moja tu? Kazi hiyo hata mtoto wa chekechea ataiweza.”

“Ndiyo maana nakupa wewe,” shangazi alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Jumatatu Kiherehere alitia bomba moja, sawasawa. Jumanne mwalimu wa michezo alitangaza mazoezi ya mpira wa pete kila asubuhi, kwa kuwa mashindano yalikaribia. Kiherehere akapita mbele ya zahanati mbio, akawapungia samaki mkono kupitia dirishani. Jumatano vilevile. Alhamisi jioni shangazi alipiga simu.

“Wazima huko?”

“Wazima, shangazi.”

“Na siki unawapa?”

“Nawapa,” Kiherehere alisema, na hapohapo masikio yakamwaka moto.

Ijumaa asubuhi alikuwa uwanjani tena. Alipoingia zahanati baada ya masomo, aliona utando mwepesi wa kijani kwenye kioo cha tangi. Moyo ulimruka. Kesho shangazi anarudi! Akapiga hesabu upesi: siku nne zimepita bila siki, kwa hiyo mabomba manne. Na ule mwani je? Wafagiaji wakiongezewa chakula watafanya kazi mara mbili. Akaongeza mabomba sita mengine. Alipomaliza aliona maji yale yale, samaki wale wale. Akafuta mikono kwenye sketi, akaenda zake nyumbani akijiona mjanja.

Jumamosi asubuhi karani alimpokea mlangoni. “Binti, hebu njoo. Umemwaga maziwa humu?”

Maji yalikuwa meupe. Mawe ya nyuma hayakuonekana kabisa. Tumbawe la manjano lilikuwa limekunja vidole vyake vyote, na samaki wawili walining’inia juu, midomo nje, wakipumua haraka haraka kama waliotoka kukimbizwa. Kamba alikuwa amelala ubavu juu ya jiwe, hatikisiki.

Kiherehere aliazima simu ya karani. Shangazi alikuwa njiani, ndani ya basi, na safari ilikuwa imebaki mwendo wa saa nne.

“Shangazi, maji yamekuwa meupe. Samaki wanahema juu.”

“Nisikilize vizuri. Ulitia siki kiasi gani?”

Ulimi wake ulitaka kusema mawili. Mawili lilikuwa kosa dogo, kosa la kusamehewa. Na akisema kweli, uongo wa Alhamisi nao utatoka. Alitazama tangi. Samaki mdogo aliinamia upande mmoja, akajiinua kwa shida, akainama tena.

“Ma... mabomba kumi. Jana mchana, kwa mpigo. Nilikuwa sijawapa tangu Jumanne. Nilikudanganya, shangazi.”

Ikaja sauti ile ile ambayo Kiherehere aliijua, sauti ya fundi aliye kazini.

“Kumi. Basi kufungua kifuniko peke yake hakutoshi. Bakteria wameongezeka kupita kiasi, na wao wanavuta oksijeni kama samaki. Wanawamalizia pumzi wenzao. Ondoa kifuniko. Geuza pampu kubwa itazame juu, maji yachemke kama sufuria. Stoo kuna pampu mbili za hewa, zitie zote. Halafu kuna pipa la maji ya chumvi niliyoyaandaa. Toa ndoo nane za tangini, rudisha ndoo nane za pipa, taratibu. Siki usiiguse tena. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

“Haya, kimbia.”

Alikimbia. Karani alikunja mikono ya shati, akatupa tai yake begani. “Mimi nimesomea makaratasi, si bahari,” alilalamika, lakini ndoo ya kwanza aliibeba yeye. Mapovu yalipanda kwa wingi kutoka kwenye pampu za hewa, na uso wa maji ukaanza kuruka. Wakatoa, wakarudisha. Mashine ya povu ilifoka uji mweupe, na kila kikombe chake kilipojaa Kiherehere alikimwaga na kukisuuza. Kufikia ndoo ya nane, mikono yake ilikuwa imekufa ganzi. Samaki mkubwa aliacha kuhema juu, akashuka hadi katikati. Mdogo alikawia. Kiherehere alibandua macho pale tu alipomwona naye akishuka.

Fundi Maji aliingia na begi lake mkononi. Hakumgombeza mtu. Alinusa maji, akachovya kidole, akasikiliza pampu zote tatu. Alimtoa kamba aliyekufa kwa wavu mdogo, kisha akakata ncha mbili za tumbawe la manjano zilizokwisha kuoza. Ndipo akamgeukia mpwa wake.

“Ungeniambia mawili, ningekwambia ufungue kifuniko unisubiri. Ningekuta samaki wamekufa. Umewaokoa kwa kusema kumi.”

Kiherehere alilia kwa ajili ya kamba, wala hakujificha.

Jumatatu maji yalikuwa bado na ukungu kidogo. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa. Mtoto mmoja aliyeshika mkono wa mama yake aliuliza kwa sauti, “Kwa nini maji yao ni machafu?”

Watu wote walitazama. Kiherehere angeweza kutoka nje, shule ilikuwa inamngoja. Alisimama palepale.

“Ni mimi,” alisema. “Niliacha kuwapa dawa yao siku nne, halafu nikawapa yote mara moja, tena nikazidisha. Kamba wao akafa.”

Mama wa yule mtoto aliguna. “Kumbe! Na mimi nikisahau kumpa huyu dozi ya asubuhi, jioni humpa mbili pamoja.”

“Usifanye hivyo, dada,” Fundi Maji alisema, akimwekea Kiherehere mkono begani mbele ya watu wote. “Ukisahau dozi, muulize daktari, usijiongezee mwenyewe. Kitu kinachosaidia kwa kipimo kinaweza kuua kikizidi. Kazi ya kila siku huwezi kuilimbikiza ukaifanya siku moja. Na ukikosea, taja kosa lako lote, usipunguze hata kidogo, maana anayetaka kukusaidia atapima msaada wake kwa maneno yako.”

Daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni na kusikia yote, alimwita yule mama aingie kwanza.