Mstari wa Kumi na Moja

Mlango wa chuma wa chumba cha kompyuta ulifunguliwa saa nane na dakika hamsini mchana, Jumanne, tarehe 14 Mei 1996. Aliyeufungua ni Anwar, mkurugenzi mpya wa Kiwanda cha Rangi cha Kilindoni, Chang'ombe. Alitumia ufunguo wa akiba aliouhifadhi kwenye kasha la ofisini kwake. Nyuma yake alisimama Tabu Mwinjuma, mwendeshaji wa kompyuta, mikono kifuani.

Baridi kali kutoka ndani iliwapiga miguuni. Gaudens, mtaalamu aliyeajiriwa miezi miwili nyuma, alilala kifudifudi hatua moja kutoka mlangoni. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka na kuvimba.

"Alikuwa anagonga," Tabu alisema. "Maskini ya Mungu, alikuwa anagonga."

Inspekta Eufrazia Chilumba alifika saa tisa na dakika ishirini pamoja na Koplo Nikodemu, askari mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Amri yake ya kwanza ilikuwa geti lifungwe, asitoke mtu. Wafanyakazi mia moja na sitini wakabaki ndani ya ukuta, jua likiwachoma, wakinong'ona.

Chumba kilikuwa ghorofa ya kwanza. Madirisha yake yalizibwa kwa matofali zamani ili vumbi lisiingie. Ndani mlikuwa na mitambo mitatu mikubwa ya zamani, na kwenye kona seva moja mpya isiyozidi ukubwa wa friji ndogo.

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu," Inspekta alimwambia Anwar.

"Kiwanda kilikuwa cha serikali, Inspekta. Kila mfadhili alileta kompyuta yake. Huu wa Kiingereza unatunza mahudhurio ya wafanyakazi. Huu wa Kijerumani ulikuja na mapipa ya kuchanganyia rangi, unaandika kila pipa linapowashwa na nani amewasha. Ule wa tatu ni wa mauzo. Mitatu haielewani. Kila mmoja una fundi wake na vipuri vyake, na kila kimoja kinatoka Ulaya. Nimenunua kiwanda, siwezi kulisha mitambo mitatu. Nikamwajiri Gaudens ahamishie kumbukumbu zote kwenye seva hii moja, kisha hii mingine tuizime. Ilikuwa tuizime leo saa kumi na moja."

"Isizimwe."

"Lakini wanunuzi wa vyuma chakavu—"

"Isizimwe, Bwana Anwar."

Kifo chenyewe hakikuwa na fumbo kubwa. Ukutani, nje ya mlango, palikuwa na kisanduku cha kioo chenye mkono wa chuma. Ukivutwa, mitungi mitatu iliyomo chumbani inamwaga gesi ya kuzima moto, na gesi hiyo inafukuza hewa yote. Kwa kawaida king'ora hulia kwanza nusu dakika ili watu watoke. King'ora kilitumia umeme wa mjini, na umeme ulikatika saa nane na dakika tano kwa mgao uliokuwa ukitangazwa redioni wiki nzima. Mtu alifunga mlango kwa ufunguo, akavuta mkono. Jenereta lilikuwa likinguruma chini ya chumba hicho hicho. Hakuna aliyemsikia Gaudens.

"Funguo ziko ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Mbili," Anwar alisema. "Huu wangu, na wa Tabu."

Ufunguo wa Tabu ulipatikana baada ya dakika kumi, kwenye mfuko wa mbele wa mkoba wake uliotundikwa koridoni. Koplo Nikodemu aliunyanyua kwa leso. Tabu akakaa chini, palepale sakafuni.

Walimhoji katika ofisi ndogo ya mahudhurio. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Temeke, na miaka kumi na miwili alikuwa ndani ya chumba kile kisicho na dirisha.

"Mlikuwa na ugomvi na marehemu?"

"Asubuhi, kantini. Watu wote wamesikia, afande, siwezi kukataa. Nilimwambia akiizima mashine yangu amenizika mie. Orodha ya kupunguzwa kazi nimeshaiona, jina langu la tatu. Wanangu wanne. Lakini yule mtoto wa watu sikumchukia."

"Saa nane mpaka saa nane na dakika arobaini ulikuwa wapi?"

"Mapumziko yangu ndiyo hayo. Nilivuka barabara, nikaenda msikitini kuswali adhuhuri."

"Nani alikuona?"

"Upande wa wanawake nilikuwa mie peke yangu."

"Na ufunguo?"

"Niliuacha mlangoni, kwa nje. Gaudens alikuwa ndani, ningeuchukuaje? Niliporudi mlango umefungwa, ufunguo haupo. Nagonga, kimya. Ndio nikamkimbilia bosi."

"Na huu uliokuwa kwenye mkoba wako?"

"Sijui. Wallahi sijui, afande." Alitazama huku na huku kama anayetafuta pa kupitia. "Mmeshanifunga, basi. Naona mmeshanifunga."

Inspekta aliandika saa, akatoka.

Anwar naye alikuwa na ufunguo. Lakini daftari la getini lilionyesha gari lake limetoka saa saba na dakika kumi kwenda uwanja wa ndege kupokea mzigo, likarudi saa nane na dakika thelathini na tano. Wapagazi wawili aliokuwa nao garini walithibitisha.

Akabaki mtu mmoja mwenye ruhusa ya kupanda ghorofani bila kuulizwa, Nassibu, mkuu wa uzalishaji. Inspekta alimfuata kwenye ukumbi wa mapipa. Njiani alimkuta mfanyakazi mmoja, Mwishehe, ameingia nusu mwili ndani ya pipa namba mbili, anabandua rangi kwa chuma bapa.

"Pole na kazi, kaka. Mbona imeganda hivyo?"

"Shikamoo afande. Umeme ulivyokatika pipa likasimama, ndio ikashika. Pipa zima la rangi ya bluu, la kutupa hili."

Nassibu alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, shati jeupe lisilo na doa katika kiwanda cha rangi. Alimletea Inspekta kiti mwenyewe.

"Umeme ulipokatika ulikuwa wapi, Bwana Nassibu?"

"Hapahapa, mama. Jenereta likishika, lazima mtu awashe mapipa upya kwa nambari yake ya siri. Ni mimi. Dakika moja tu, nikayawasha."

"Hakuna mwingine anayeweza?"

"Nambari yangu hata mke wangu haijui. Nilikataa kumpa hata mkurugenzi, muulize. Watu wakianza kubonyeza hovyo, mtu anaweza kupoteza mkono." Akashusha sauti. "Tabu ni dada yetu, lakini kupunguzwa kazi kumemchanganya. Msimpige, tafadhali."

Inspekta alishukuru. Alipokuwa akipanda ngazi alisimama katikati. Koplo Nikodemu alimgonga mgongoni kidogo.

"Koplo, rangi inaganda kwa dakika moja?"

"Mie nimepaka nyumba yangu mwenyewe, afande. Dakika moja haigandi hata kwenye brashi."

Saa kumi na dakika ishirini Tabu alirudishwa kwenye chumba cha kompyuta, pingu alizofungwa baada ya mahojiano zimefunguliwa. Feni mbili zilikuwa zimefanya kazi muda mrefu kutoa gesi. Alisita kizingitini.

"Dada Tabu," Inspekta alisema, "hapa hakuna mwingine anayejua kuisoma hii mitambo. Aliyebaki ni wewe tu. Nataka vitu viwili. Kwanza, mtambo wa Kijerumani ulizimika?"

"Hapana. Una betri zake."

"Uniambie mapipa yaliwashwa saa ngapi leo."

Tabu alikaa. Vidole vilipogusa vitufe vikatulia. Maandishi ya kijani yakapanda kwenye kioo.

"Yamezimika saa nane na dakika tano," alisoma. "Yamewashwa saa nane na dakika thelathini na moja. Nambari ya Nassibu." Akageuka. "Dakika ishirini na sita, afande. Hajawahi kuchelewa hata tano."

"La pili. Gaudens alikuwa akifanya nini leo mchana?"

"Alikuwa akichapa orodha. Ukiunganisha kumbukumbu za mitambo miwili, kuna mistari inakataa. Huku mtu yupo kazini, kule hayupo. Alisema asubuhi amepata kumi na mmoja, anataka wakuu wa idara wamweleze kabla hajahamisha. Lakini karatasi hapa siioni."

Kweli. Mashine ya kuchapia ilikuwa imechanwa karatasi kwa haraka, ncha ya ukurasa imebaki kwenye meno yake.

"Orodha yenyewe imo ndani ya seva?"

"Imo. Karatasi tu ndio imeondoka."

Tabu akaiita. Mistari kumi ilikuwa makosa ya kawaida, majina yaliyoandikwa mara mbili, zamu zilizobadilishwa tarehe. Wa kumi na moja ulikuwa wa tarehe 9 Juni 1993. Mtambo wa mahudhurio ulisema Ismail Mkwanda, msafishaji, alikuwa mapumzikoni siku hiyo. Mtambo wa mapipa ulisema saa moja asubuhi Ismail huyo aliingiza nambari yake kuanza kusafisha pipa namba nne. Saa moja na dakika kumi na nane pipa namba nne liliwashwa. Nambari ya Nassibu.

Tabu aliondoa mikono kwenye vitufe kana kwamba vimemuunguza.

"Ismail ndiye yule aliyekufa ndani ya pipa," alisema polepole. "Tuliambiwa hakuwa zamu. Tuliambiwa aliingia kuiba spiriti ya rangi akiwa amelewa, akaanguka humo. Ilisomwa mbele ya wafanyakazi wote." Kisha akaziba mdomo. "Afande, ni mie niliyeandika mapumziko. Nassibu alikuja na karatasi, akasema karani alikosea, sahihisha. Nikasahihisha. Hata sikuuliza."

Saa kumi na moja kasoro dakika tano, Nassibu aliitwa juu. Alikuta Inspekta, Koplo, Anwar na Tabu wakimngoja kati ya mitambo.

"Koplo, rudisha mlango. Jenereta linapiga kelele."

Mlango ulipogonga fremu, Nassibu aligeuka haraka.

"Uacheni wazi. Humu hakuna hewa."

"Ipo, tumeitoa gesi tangu saa tisa na nusu. Bwana Nassibu, uliniambia uliwasha mapipa baada ya dakika moja."

"Ndiyo."

"Mtambo unasema dakika ishirini na sita. Mwishehe anabandua rangi iliyoganda tangu hapo. Mashine na pipa zinasema kitu kimoja."

"Labda nilichelewa kidogo. Nilikwenda msalani."

"Uliniambia ulikuwa palepale ukumbini."

"Mama, mtu hawezi kukumbuka kila dakika. Na nambari si kitu, mtu yeyote anaweza kuibonyeza."

"Hata mkeo haijui. Ni maneno yako." Inspekta aligeuza kioo cha seva kimwelekee. "Kwa hiyo aliyewasha pipa namba nne, Juni tisa, saa moja na dakika kumi na nane, Ismail akiwa ndani, ni nani?"

Nassibu aliusoma mstari ule. Jasho likaanza kulowesha shati jeupe kwapani.

"Gaudens alikuonyesha asubuhi," Inspekta aliendelea. "Yeye alidhani ni kosa la uandishi. Alikuheshimu, akaja kukuuliza kwanza kabla ya mkurugenzi. Ulijua ratiba ya mgao, ulijua mapumziko ya Tabu, ulijua ufunguo unabaki mlangoni. Umeme ulipokatika ukafunga, ukavuta mkono. Kisha ukasubiri. Ndizo dakika ishirini na sita. Ulisimama hapo nje mpaka alipoacha kugonga, ukafungua, ukaziba pumzi, ukachana karatasi. Ukafunga tena, ufunguo ukautia kwenye mkoba wa dada huyu."

Anwar aliegemea ukuta. Nassibu alitazama mlango, na Koplo Nikodemu alikuwa amesimama mbele yake.

"Sikumuona," Nassibu alisema hatimaye. "Ismail. Wallahi sikumuona. Mfuniko ulikuwa nusu wazi, nilidhani ametoka. Oda ilikuwa ya haraka, wakubwa wananipigia simu. Nilibonyeza tu. Nikasikia... Ningesema, ningefungwa. Nikasema uongo mmoja. Miaka mitatu nauishi, kila nikiingia ukumbini nauona mfuniko ule. Nilijua hii mitambo haielewani. Sikuogopa kitu. Halafu wakaileta hiyo." Akanyoosha kidole kwenye seva. "Mashine moja ya kupunguza gharama."

"Ismail hukumuona," Tabu alisema. "Gaudens ulimsikia. Dakika zote hizo unamsikia! Na mie ungeniacha ninyongwe?"

Koplo alimfunga Nassibu pingu, na geti likafunguliwa saa kumi na moja na nusu. Wafanyakazi walimpisha njia.

Kesho yake asubuhi Tabu alimwomba Inspekta ruhusa ya kufuatana naye Kipawa, kwa mama yake Ismail. Bi Rukaiya aliishi chumba cha nyuma katika nyumba ya udongo iliyopigwa lipu, ukuta mmoja na majirani watatu. Alikuwa akichambua mchele. Hakunyanyuka alipoona sare ya polisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini tena juu ya mwanangu? Si mlishamaliza?"

Tabu alipiga magoti mbele ya ungo. Inspekta alitaka kuanza yeye, akaona ampishe.

"Mama, Ismail hakuwa mwizi," Tabu alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa kazini. Alikuwa zamu yake. Mkubwa wake aliwasha pipa yeye akiwa ndani, kisha akamsingizia. Na mie ndiye niliyeandika kwamba hakuwepo. Nilitumwa, nikaandika bila kuuliza. Nimekuja unihukumu."

Bi Rukaiya aliweka ungo chini. Kuku aliyekuwa mlangoni akaingia na kudonoa mchele, na hakuna aliyemfukuza. Miaka mitatu hakuwa amealikwa shughuli hata moja pale mtaani. Maji alichota alfajiri, ili asikutane na watu.

"Hakuwa amelewa?"

"Hakuwa amelewa, mama."

Kikongwe alimshika Tabu mkono, akamvuta amsogeze kwenye ukuta wa majirani.

"Basi sema tena," alisema. "Sema kwa sauti, mwanangu, wakusikie wote."