Pankeki za Pasheni Bila Sukari

Fungu la mwisho la pasheni sokoni ndilo lililowakutanisha. Muuguzi alilishika upande huu; kinyozi mmoja, shati la samawati limenyooshwa pasi likanyooka, akalishika upande ule.

"Tugawane, dada."

"Sigawani na nisiyemjua."

"Basi nijue."

Wakajuana, wakapendana. Miezi saba baadaye mapenzi yenyewe nusura yaishie kwenye sinki la jikoni kwa muuguzi.

Siku hiyo mama yake kinyozi alikuwa anakuja kumwona mchumba. Siku tatu nyuma kinyozi alikuwa amemwonyesha muuguzi picha ya mama kwenye simu. Muuguzi alimjua! Alikuwa mgonjwa wake wa kliniki ya kisukari, yule aliyemsihi, "Mwanangu asijue, binti yangu. Baba yake alikufa kwa ugonjwa huu huu." Na siri ya mgonjwa haitolewi, hata kwa mpenzi.

Basi siku hiyo muuguzi alikoroga rojo la pankeki kwa unga, mayai, maziwa na maji ya pasheni, bila chembe ya sukari, akaenda kuvaa gauni lake la kijani. Aliporudi, kinyozi alikuwa analamba mwiko.

"Kipenzi, lilikuwa chachu hilo! Nimekuokoa. Nimetia vikombe viwili vya sukari."

Muuguzi alinyanyua bakuli, akalimwaga rojo lote kwenye sinki.

"Una wazimu? Mama yuko njiani!"

"Nitakoroga jingine."

"Kwa nini?"

"Siwezi kukwambia."

"Mimi? Leo unanificha jambo mimi, kesho utanificha nini?"

"Nakupenda. Lakini hili siwezi."

Kinyozi alichukua koti. Neno moja tu lingemrudisha, na muuguzi alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Lilimuuma kuliko jambo lolote maishani mwake.

"Mama, usipande," kinyozi alisema kwenye simu. "Tunaondoka."

"Nimeshafika," sauti ilijibu mlangoni. Mama alisimama pale akihema kwa ngazi, simu bado sikioni. Akatazama sinki, kopo la sukari, kisha macho ya msichana yaliyolowa, akamtambua muuguzi wake wa kliniki.

"Amekwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kumbe hajasema." Mama akaketi. "Nina kisukari, mwanangu, mwaka wa pili sasa. Huyu ndiye hunipima. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

Kinyozi aliliweka koti chini. Alimshika mama mkono kwa muda mrefu, kisha akamgeukia muuguzi.

"Nisamehe, mpenzi."

"Ulikuwa unaniacha."

"Nilikuwa nakuacha," akakiri.

Mama akatikisa kichwa. "Nilikuja kumkagua yeye, kumbe wa kukaguliwa ni wewe. Binti yangu, utamchukua hivyo hivyo?"

Muuguzi alifuta machozi kwa kiganja. Bado alikuwa na hasira naye, na bado alimtaka.

"Namchukua, mama. Lakini leo atakoroga yeye, nami nasimama hapa nimwone."