Watoto Wasiohesabiwa

Ukame ulipowamalizia ng'ombe, Soila na mumewe Kuntai walihamia mjini Kitengela. Kuntai alipata kibarua cha kuchonga mawe, leo kipo, kesho hakipo. Kwa hiyo Soila aliposikia kiwanda cha nguo kinaandika wafanyakazi, alikwenda mbio akachukua fomu.

Jioni aliketi mlangoni kuijaza. Jina, akaandika. Namba ya kitambulisho, akaandika. Mara kalamu ikagoma. Idadi ya watoto?

"Ruka hapo," Kuntai alisema. "Watoto hawahesabiwi."

"Nikiruka watanirudishia. Na kesho ndiyo mwisho."

"Hata mbuzi sihesabu, Soila! Nihesabu watoto, kifo kikisikia?"

"Basi niseme sina?"

Kuntai alishtuka. "Wee! Hiyo ni mbaya zaidi."

"Takwenya!" sauti iliita nje. Alikuwa jirani yao Ndulu, mama yake Muema, Mkamba anayependa kusalimu Kimaasai. Alishona nguo katika kiwanda hicho hicho.

"Iko," Soila aliitikia. "Mama Muema, hao wakubwa wenu ni polisi? Wanataka watoto wangu. Wanataka na mtu wa kuitwa nikipatwa na jambo. Wananitakia mabaya?"

Ndulu alicheka mpaka akashika mlango. "Mabaya gani? Sindano ya cherehani ikikuingia kidoleni ukimbizwe hospitali, Kuntai atajuaje? Ataota?"

"Na hii namba ya kitambulisho?"

"Ni ya kuhakikisha wewe ni wewe. Akiba yako ya uzeeni isije ikaenda kwa Soila mwingine."

"Na watoto?"

"Ni kwa sababu ya bima ya hospitali. Mwenzetu Nanjala aliandika hana mtoto, akidhani atanyimwa kazi. Mtoto alipougua, kadi haikumjua. Alihangaika yule!"

Soila akauliza, "Wakiuliza jambo la ajabu?"

"Waulize wanalitaka kwa kazi gani. Swali la haki halikosi jibu. Na kitambulisho, acha nakala. Chenyewe waonyeshe, kisha urudi nacho."

"Sawa, lakini kuhesabu hatuhesabu," Kuntai alisisitiza.

Ndulu alifikiri. "Baba Ezra, kumwita mtoto jina ni vibaya?"

"Hapana. Jina ni baraka."

"Basi andikeni baraka."

Soila aliandika Ezra. Akaandika Resian. Akaendelea na wadogo zao, hadi majina yakafurika nje ya kisanduku.

Asubuhi kiwandani, karani Mburu alikunja uso. "Mama, nimeuliza idadi. Wewe umeniletea majina."

Soila aliinua uso. Akakaza sauti. "Kwetu mzazi hahesabu watoto wake. Hesabu wewe, lakini tafadhali, usitamke."

Mburu alimtazama. Kisha akapitisha kidole juu ya majina, midomo ameifunga kabisa, akaandika tarakimu pembeni.

"Hata ofisi ya bima inataka majina," alisema akitabasamu. "Umenipunguzia kazi. Jumatatu uje kazini, na nakala ya kitambulisho."

Soila alirudi nyumbani miguu ikiwa myepesi kama ya ndama. Kuntai alikuwa amesimama njiani.

"Umepata?"

"Nimepata. Na watoto wote wataingia kwenye kadi."

"Nani ametamka idadi?"

"Hakuna. Karani amehesabu kimya, kama mwizi wa kuku."

Kuntai aliangua kicheko, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu jana. Akaanza kuwaita watoto waje wale, mmoja mmoja, kwa majina yao.